Shamba la Kati

Ukitaka kujua Dar es Salaam inaishia wapi, ramani haitakusaidia sana. Panda gari la Kisarawe jioni, ukae dirishani, na usikilize. Kutoka Gongo la Mboto hadi Pugu Kajiungeni utasikia wapiga debe, honi za bodaboda, na spika ya mtu anayeuza dawa ya mende kwa sauti aliyoirekodi mara moja na kuiacha ijirudie tangu asubuhi. Kisha gari linaanza kupanda. Miti inasogea karibu na lami, hewa inapoa kidogo, abiria wanapunguza sauti bila kuambiwa. Ukishuka Kisarawe mjini, kama kilomita 30 kutoka Posta, unakuta mji mdogo wa wilaya wenye ofisi zake, soko lake na miembe yake, na watu ambao bado wanasalimiana kwa kusimama.

Wakazi wa Dar wanaonunua viwanja huko husema wanafuata utulivu, na ukiwauliza utulivu huo unatoka wapi wanakuonyesha msitu. Ni jibu la haraka, na mimi naliona si sahihi. Msitu na utulivu wa Kisarawe vimekaa jirani kwa muda mrefu kiasi kwamba tumeviona kama mume na mke. Lakini historia ya vilima hivi inaonyesha kuwa msitu uliwahi kuteketea huku mji ukiwa kimya kabisa, na inawezekana sasa mji ukachangamka huku msitu ukipona. Kuna kitu cha tatu katikati yao ambacho hakina bango wala hati, na ndicho kinachopungua.

Tuanze na msitu wenyewe. Vilima vya Pugu vinapanda hadi karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, na misitu yake miwili, Pugu na Kazimzumbwi, ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilikuwa na eneo kubwa zaidi. Pugu ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1954. Mwaka 2020 misitu yote miwili ilipandishwa hadhi ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, yenye ukubwa wa hekta 7,000 na ushee, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kuna mimea ambayo majina yake ya kisayansi yamebeba jina la Pugu, mfano Millettia puguensis. Kuna komba mdogo wa Rondo, mwenye uzito usiofika gramu 100 na mkia kama brashi ya kuoshea chupa, ambaye aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya spishi 25 za jamii ya nyani zilizo hatarini zaidi duniani. (Yule komba anayesingiziwa ulevi wa tembo la mnazi ni mwingine, mkubwa zaidi.) Mtu anaweza kuamka kwenye makazi ya huyu mnyama na kuwahi kikao cha saa tatu mjini. Sijui miji mingi yenye jambo kama hilo.

Watu waliotangulia kuona thamani ya umbali huu walikuwa watu wa dini na watu wa shule. Wamisionari wa Kibenediktini kutoka Ujerumani walifika Pugu mwaka 1888. Januari 1889, katika vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, kituo chao kilivamiwa na baadhi yao wakauawa. Baadaye Waanglikana walihamishia Minaki chuo chao kilichokuwa Kiungani, Unguja, na Wakatoliki wakawa na St. Francis pale Pugu. Hapo ndipo Julius Nyerere alipokuwa akifundisha wakati TANU inaundwa Julai 1954, hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 ili afanye siasa. Sababu ya kuweka shule za bweni kilimani ilikuwa moja: mbali na mji, karibu na mji. Kijana asitoroke kwenda Kariakoo kila jioni, lakini vifaa vifike.

Hiyo ndiyo kazi ya pembezoni mwa mji wowote. Mji hupeleka huko kile ambacho hautaki kukiona lakini hauwezi kuishi bila kuwa nacho. Ukanda huu wa magharibi ya Dar umepewa shule za bweni, gereza la Ukonga, kambi za jeshi, mnada wa ng'ombe wa Pugu, na dampo la Pugu Kinyamwezi ambako taka za jiji zima hupelekwa. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba utulivu wa Kisarawe haukupangwa na mtu kama zawadi. Kisarawe ilikuwa upande wa pili wa vitu ambavyo watu hawakutaka kuvipita.

Sasa mkaa. Mwaka 2010 watafiti walichapisha utafiti maarufu kuhusu namna misitu inavyoharibika kuizunguka Dar es Salaam. Waliona uharibifu unasambaa kama mawimbi kutoka mjini: kwanza inaondoka miti ya mbao za bei, kisha mbao za kawaida, kisha inachomwa iliyobaki. Mwaka 1991 wimbi la mkaa lilikuwa kama kilomita 20 kutoka mjini. Mwaka 2005 lilikuwa limefika kilomita 50. Wimbi la mbao lilikwenda kasi zaidi, hadi kilomita 9 kwa mwaka. Pugu iko takriban kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Maana yake, wakati watafiti wanaanza kupima, wimbi la mkaa lilikuwa juu ya vichwa vya watu wa vilima hivi. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka baiskeli: vijana wakishuka mlima alfajiri na magunia mawili matatu yamefungwa kwa kamba za mpira, breki zikiwa ni soli za kandambili. Msitu mwingi uligeuka vichaka. Upande wa Kazimzumbwi unaoelekea Chanika na Nzasa, watu waliingia, wakalima na kujenga, na mvutano wao na serikali juu ya mpaka ukaendelea miaka na miaka.

Na miaka hiyo yote Kisarawe ilikuwa kimya. Kimya kuliko sasa. Tanuri la mkaa halipigi kelele, linafuka tu. Kwa hiyo mgeni anayesema "huku kumetulia, mazingira yametunzwa" anachanganya mambo mawili. Mteja wa mkaa ule alikuwa mjini, akipika maharage Manzese na Temeke. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba nchi ilikuwa ikitumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ilikuwa ikiishia Dar es Salaam. Leo serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo mwishoni mwa muda huo. Mtungi wa gesi ukiwa jikoni Mbagala unasaidia miti ya Pugu kuliko mabango kumi barabarani. Lakini mtungi huo hauzuii kitu cha pili kinachotoka mjini, ambacho ni watu wenyewe.

Kilichowazuia watu kwa muda mrefu kilikuwa maji. Hapa pana kejeli ambayo wenyeji wa Kisarawe wanaijua vizuri. Mto Msimbazi, ule unaofurika Jangwani na kufunga barabara ya Morogoro, unaanzia vilima vya Pugu. Vilima vinaotesha mto, na waliokuwa wakiishi juu yake walikuwa wakinunua maji kwa dumu. Kijiografia si ajabu, kwani chemchemi ndogo za juu haziwezi kulisha mji, na kisima kirefu kilimani ni gharama. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa: mtu wa mjini mwenye hela yake alikwenda Bunju, Kibaha, Kigamboni, popote penye bomba au dalili ya bomba. Mwenye nyumba Kisarawe alijenga akijua atapanga foleni, au atanunua tenki la plastiki la lita 5,000 na kusubiri boza. Ukame wa mabomba ndio uliokuwa geti la Kisarawe.

Geti hilo lilifunguliwa mwaka 2020, mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe ulipozinduliwa. Maji yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, yanasukumwa kupanda mlima. Sitaki mtu anielewe vibaya: mama aliyebeba ndoo kwa miaka thelathini hawezi kuambiwa na mwandishi kwamba bomba ni tatizo. Nasema tu kwamba bomba lilibadilisha hesabu. Barabara ya lami ilikuwapo. Treni ya abiria ya mjini hadi Pugu ilianza mwaka 2016. Mwaka 2024 treni za SGR zikaanza kwenda Morogoro na kisha Dodoma, zikipita vilima hivi hivi na zikiwa na kituo Pugu. Ndani ya miaka minane hivi, mahali palipokuwa mbali pakawa karibu, bila kusogea hata hatua moja.

Sensa inaonyesha jambo hilo waziwazi. Kati ya 2012 na 2022, Dar es Salaam ilitoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38, sawa na ongezeko la takriban asilimia 2.1 kwa mwaka. Ni kasi ndogo ukilinganisha na muongo uliotangulia, ambapo jiji lilikua kwa zaidi ya asilimia 5. Je, watu wameacha kuja Dar? Angalia jirani. Mkoa wa Pwani ulitoka milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2.02 kwa miaka hiyo hiyo kumi, zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Jiji halikupunguza mwendo. Lilivuka mpaka wa mkoa, na takwimu zikabaki nyuma ya mstari. Mtu anayefanya kazi Posta na kulala Kisarawe anahesabiwa Mpwani usiku na ni Mdar mchana.

Hao wageni ni akina nani? Mstaafu aliyepata mafao, mwalimu aliyekopa, muuguzi, askari, kijana wa Muscat au Minnesota anayejenga kupitia kwa mpwa wake, tofali kwa tofali, picha kwa WhatsApp. Wengi wao hawajahamia. Tembea Kisarawe ya pembezoni uhesabu mapagale: kuta zimefika kwenye renta, majani yameota sebuleni, mlinzi Mzaramo anafuga kuku chumba cha mtoto wa kwanza. Sehemu kubwa ya utulivu wa leo ni pesa ambayo haijafika. Na sehemu nyingine ni watu ambao hawapo mchana, kwa sababu waliohamia wanaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Mtaa uliotulia saa sita mchana unaweza kuwa mtaa uliopo kwenye foleni ya Tazara.

Sasa nifike kwenye kile kitu cha tatu. Kati ya msitu wa serikali na nyumba za watu, kwa miaka mingi, palikuwa na shamba. Si shamba la trekta. Ni lile shamba la Kizaramo ambalo mgeni akilitazama anaona pori: mikorosho, miembe, michungwa, minazi michache, mihogo chini yake, mnanasi ukingoni, kaburi la babu chini ya mti fulani ambao haukatwi. Wakati wa wimbi la mkaa, mashamba haya yalisimama kuliko msitu. Sababu ni rahisi. Mti wa msituni ulikuwa wa serikali, na serikali ilikuwa mbali. Mkorosho ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amelala hatua hamsini kutoka ulipo. Mila za pwani zinajua hata kumpa mtu haki ya mti alioupanda kwenye ardhi ya mwingine. Mti wenye jina haukatwi usiku.

Shamba hilo lilifanya kazi nyingi bila kulipwa. Lilikunywa mvua ya masika kabla haijafika bondeni. Lilimpa ndege na komba mahali pa kupita. Liliweka nafasi kati ya jirani na jirani, kiasi kwamba redio ya huyu haikuwa redio ya yule. Ndicho hicho hasa mnunuzi anachokiita utulivu anapofika kutazama kiwanja: hatazami msitu, anatazama mikorosho ya mzee fulani ikiwa katikati yake na jirani. Kisha ananunua mikorosho hiyo na kuikata ili ajenge. Na anayemfuata ananunua inayofuata.

Kipimo cha biashara hii ni hatua. Kiwanja kinauzwa hatua ishirini kwa ishirini, dalali anapiga hatua mwenyewe, na dalali mrefu hupendwa. Ekari moja ya mikorosho inatoa viwanja zaidi ya kumi vya namna hiyo. Korosho za ekari hiyo zinalipa ada ya shule ya mtoto mmoja ikiwa bei ni nzuri na ubwiri unga haukupiga. Viwanja vinalipa hospitali ya mama, bodaboda ya kijana, bati la nyumba na harusi. Mzee anayeuza si mjinga wala hajarogwa. Amepiga hesabu ambayo hata mimi ningeipiga. Kosa la hesabu linaonekana baada ya miaka mitano, pesa zikiwa zimekwisha na wajukuu wakiwa wapangaji kwenye ardhi ya babu yao, lakini hesabu za dharura hazina safu ya miaka mitano.

Sheria ingeweza kusaidia, na hapa ndipo mambo yanapoteleza kimyakimya. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji na ugawaji unahitaji idhini ya mkutano wa kijiji. Ni chombo chenye kasoro nyingi, lakini angalau kinalazimisha watu kukaa chini ya mwembe na kuulizana. Kijiji kikishamezwa na mji, kinafutwa na kuwa mtaa. Mtaa una mwenyekiti na mhuri, ila hauna ardhi. Mwenyekiti anashuhudia mauziano. Mipango iko kwa mamlaka ya upangaji. Na kati ya mauziano na mipango, mara nyingi nyumba hutangulia. Upimaji ukija baadaye unakuta barabara ya kuchora ikipita kwenye choo cha mtu. Hakuna mahali popote katika mfumo huu ambapo shamba la kati linatajwa. Lipo ama kama "eneo la makazi" ambalo halijajengwa, ama kama kilimo kinachosubiri kubadilishwa matumizi. Msitu una mlinzi, kiwanja kina mwenyewe, shamba linasubiri tu zamu yake.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Wapo wanaosema wageni wenye hati ndio watakaouokoa msitu. Wanatoa mfano wa Karura, msitu wa takriban hekta 1,000 ndani ya Nairobi, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania miaka ya 1998 na 1999 hadi akapigwa na kuumizwa alipokwenda kupanda mti. Leo Karura umezungukwa na Muthaiga, Runda na Gigiri, una uzio wa umeme, unalipiwa kiingilio, na vijana wa vitongoji duni vya jirani waliajiriwa kuwa walinzi wake. Miti imerudi. Mfano huo ni wa kweli, na nadhani kitu kama hicho kimeanza Pugu: watu wanakwenda kutembea kwa miguu, kupiga kambi karibu na Bwawa la Minaki, kutazama popo kwenye pango la machimbo ya zamani ya kaolini. Mstaafu aliyejenga karibu na hifadhi akisikia msumeno wa mnyororo usiku anapiga simu, na simu yake inapokelewa.

Lakini Karura ilizungukwa na maeneo ya viwanja vikubwa, vya ekari nzima au nusu ekari, vilivyopimwa tangu ukoloni kwa ajili ya watu wachache. Bustani zao ni shamba la kati kwa jina jingine, lenye majani ya kukatwa kwa mashine. Ukiweka uzio ule ule katikati ya hatua ishirini kwa ishirini, utapata bustani ya jiji na si msitu, na maji yake ya mvua yatakwenda kasi ile ile yanayokwenda kutoka Tabata. Pia kuna suala la nani anazuiwa na uzio. Mwanamke wa Kazimzumbwi aliyekuwa akiokota kuni kavu, uyoga wa masika na mizizi ya dawa, hadhi mpya ya hifadhi inamfungia mlango kutoka upande wa msitu, na mauzo ya mashamba yanamfungia kutoka upande wa kijiji. Anabaki barabarani, katikati ya kuta mbili zenye sababu nzuri.

Watu wa bondeni nao wana hisa yao katika jambo hili, ingawa hawajaulizwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na bonde la Msimbazi ndilo lililoumia zaidi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kulirekebisha bonde hilo: daraja la Jangwani, kuhamisha watu, kuchimba na kupanua mto. Ni kazi ya lazima. Ila mto una juu na chini, na kila mkorosho unaong'olewa Kisarawe na kuwekwa bati na zege unaongeza maji yanayokwenda kwenye daraja hilo. Sehemu ndogo tu ya fedha kama hizo ingeweza kumlipa mwenye shamba asiuze, au auze ekari nzima kwa mtu mmoja kwa masharti ya kuacha miti. Nimewatajia wazo hili watu wawili watatu wa mipango miji na wakatabasamu kwa adabu. Halina kipengele kwenye bajeti.

Mwezi wa Juni nilikwenda na rafiki anayetafuta kiwanja. Dalali, kijana mcheshi mwenye buti za mvua ingawa hapakuwa na tope, alituonyesha vitatu. Cha kwanza na cha pili vilikuwa na bei sawa. Cha tatu, mwishoni kabisa, nyuma yake kukiwa na kigingi cha mpaka na ukuta wa kijani usiopenyeka, kilizidi kwa milioni mbili.

"Kaka, mbona hiki ghali, na ndiyo mbali zaidi na barabara?" rafiki yangu aliuliza.

"Bosi, hapa unanunua na nyuma," dalali alimjibu, akionyesha msitu kwa kidole. "Hiyo miti ya serikali. Hapo hatajenga mtu."

Rafiki yangu aligeuka kuangalia upande tuliotokea. Mikorosho kumi na miwili, au zaidi kidogo, ilikuwa imefungwa vitambaa vyekundu kwenye shina.

"Na hiyo?"

"Hiyo imeshalipiwa," alisema dalali. "Wiki ijayo utaona barabara kutoka hapa."

Tulipewa siku tatu za kufikiri.